Nguzo Nene ya Zahanati

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza kazini. Nchi ngeni, meza mpya, kiti cha kuzunguka! Mkuu wa ofisi kauliza kama nazijua kanuni za huku za kusanifu majengo ya zege. Nimemwambia nazijua kama kiganja changu. Kafurahi, kanikabidhi zahanati nzima pamoja na kitabu cha kanuni, kinene kama tofali. Sijakifungua. Nimesanifu kwa kanuni za kwetu miaka yote na hakuna jengo lililolala chini. Nondo hazina uraia.

Mke wangu, aliyeacha kazi yake ili tuhamie huku, kauliza kama kanuni ni zilezile. Nimesema karibu zilezile. Mama mkwe, tuliyehamia naye, yuko kwenye simu, anawaambia mashoga zake kwamba mimi ndiye mhandisi mkuu. Sikumkatiza. Adabu.

Jumanne, 5 Machi
Nimechukua mahesabu yangu ya zamani ya zahanati nyingine, nikabadilisha jalada. Chap! Kabla ya chai nimemaliza.

Jirani yangu wa meza ni mhandisi kijana, binti mpole. Moyoni namwita Miwani. Ndiye mkaguzi wa mahesabu. Kauliza, bila ubaya wowote, hii nguvu ya zege niliyoandika ni ya mchemraba au ya silinda.

"Vyote viwili," nikajibu.

Kanieleza polepole. Kumbe! Kwetu tunapima zege kwa kuponda kipande cha mchemraba. Huku wanaponda silinda, na zege lilelile kwenye silinda hutoa namba ndogo. Mimi nimeivika silinda namba ya mchemraba, kwa hiyo jengo zima linajidai nguvu lisizokuwa nazo. Kazi imerudishwa. Nimeilaumu printa.

Jumatano, 6 Machi
Kama zege ni dhaifu, si liongezwe tu? Nimenenepesha kila kitu. Nguzo ya mapokezi imekuwa kama friji mbili zilizokumbatiana. Zahanati hii haianguki hata ikibembelezwa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu kauliza kama nimeanza kusoma kitabu. Nimemwambia nakitumia kila siku. Kweli tupu: nimekiweka chini ya kompyuta, shingo haiumi tena.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Mkuu kaitazama nguzo kwenye mchoro, kisha kaagiza makabati mawili ya mafaili yasogezwe yasimame mahali pake. Kanikalisha kwenye kiti changu cha kuzunguka, eti ndicho cha magurudumu na mimi ndiye mgonjwa. Miwani kapewa kazi ya kunisukuma. Kasukuma kwa moyo mmoja. Nikanasa kati ya kabati na ukuta, mbele siendi, nyuma sirudi.

Mkuu kauliza mgonjwa huyu atamfikiaje daktari. Nimependekeza daktari amfuate. Hakucheka hata mtu mmoja. Walionitoa ni wanne. Mkuu kasema nikirudia mchezo huu nitafungasha. Nikamfikiria mke wangu na kazi aliyoiacha. Chakula cha jioni sikukimaliza. Mama mkwe kasema wahandisi wakuu ndivyo walivyo, majukumu mengi.

Ijumaa, 8 Machi
Mbinu safi! Nimemwalika Miwani chakula cha mchana, nikamwambia mkuu ameniomba nimpime kama anazijua kanuni. Nikauliza, yeye anajibu, mimi naandika chini ya meza. Unene wa zege la kufunika nondo. Nafasi kati ya nondo na nondo. Binti ni kisima! Pale aliponichosha nimejazia kwa kanuni za kwetu. Nusu kwa nusu, undugu.

Tulipokuwa tunainuka kasema, "Kaka, na mimi nikuulize moja. Ukurasa wa kwanza wa kitabu unasema nini?"

Nimesema unatukaribisha.

Jumatatu, 11 Machi
Unasema kanuni hizi zisichanganywe na za nchi nyingine hata chembe. Ukurasa wa kwanza! Kwa herufi nzito!

Miwani angeweza kunichoma kwa mkuu. Badala yake kavuta kiti chake hadi mezani kwangu, kasema wagonjwa hawana kosa, tuanze upya. Tumekokotoa kutwa nzima. Jioni nguzo imetoka nyembamba, imara, na kiti cha magurudumu kinapita kwa raha. Nimeitazama muda mrefu. Nusura nitoe chozi.

Jumatano, 13 Machi
Mchoro umepitishwa! Mkuu kanipa mkono. Kisha kasema wanakuja wahandisi wapya kutoka nje na anahitaji mtu wa kuwaeleza kanuni za huku, semina ya siku nzima, kesho kutwa. Miwani alikuwa anafuta miwani yake. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajaivaa.

Sina wasiwasi. Semina ya kisasa ni ya kushirikishana, mkufunzi anauliza tu. Swali la kwanza ninalo tayari: zege ni nini? Hilo peke yake litatufikisha saa ya chai.