Paa la Nyumba ya Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimemchukia mtu kabla ya chai. Si kawaida yangu. Huwa nasubiri ninywe kwanza.

Mama mkwe anahama. Nyumba ya zamani imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, anakwenda kuishi fleti. Tulikuwa tunamfungia vyombo. Akapapasa ukuta wa sebule, akasema laiti angeweza kuibeba nyumba yenyewe. Mke wangu akafuta macho. Mimi nikatafuta neno la kumfariji, nilikuwa nimelipata nusu, mara huyo Fundi Saa!

Fundi Saa ni mume wa dada yake mke wangu. Anatengeneza saa, na kwake ana kabati la kioo limejaa vijisanamu vya kuchezea, watu wazima wanapanga foleni kuvitazama. Akasema kwa upole (upole wake huo!) kwamba atamjengea mama nyumba hiyo hiyo kwa vitofali vya plastiki, aiweke juu ya kabati kule fleti. Mama mkwe akamshika mashavu. Mashavu! Tangu nimeoa, yangu hayajaguswa.

Nikajisikia nasema kwamba hata mimi najenga. Mke wangu akauliza najenga nini. Nikasema nyumba ya mama, tena kubwa zaidi. Mama mkwe akacheka, akasema basi tuzilete Jumapili ya wiki ijayo, ila kabatini kuna nafasi ya moja tu.

Moja!

Jumapili, 5 Mei

Nimekwenda kwa Fundi Saa kumsalimia. Yaani kupeleleza.

Kabati halina hata vumbi. Roho iliniuma mpaka nikaomba maji. Akanieleza jinsi ya kuanza, bila hata kuulizwa. Nikinunua vijisanamu nitunze maboksi yake. Vitofali nipange kwa umbo, si kwa rangi, maana cheupe kidogo hakionekani katikati ya vyeupe vyenzake. Na gundi nisiguse kamwe. Vitofali vinashikana vyenyewe, na raha yake ni kubomoa na kujenga upya.

Mimi nauza saruji, rangi na gundi. Nifundishwe kujenga na mtu wa mishale ya saa! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zake zimeanza kupungua.

Tulipoagana akanipa mfuko wa vitofali vyake vya ziada. Anataka nijengee makombo. Nimevichukua, lakini kwa uso mkavu.

Jumanne, 7 Mei

Nimenunua vijisanamu vyangu, kimoja cha mfalme mwenye taji. Maboksi nimechana, nimetupa. Nani anakusanya maboksi?

Fundi Saa alipita jioni, akayaona kwenye pipa la taka. Akavua kofia. Akasema huyo mwenye taji, akiwa ndani ya boksi lake, watu wanamtafuta mpaka wanakata tamaa. Wivu tu.

Nimepanga vitofali kwa rangi. Vinapendeza! Kisha nikatafuta bawaba nyeupe ya mlango hadi macho yakatoa machozi. Aliyeipata ni mke wangu, kwa unyayo. Alivyopiga kelele, jirani alikuja kuuliza kuna msiba gani.

Alhamisi, 9 Mei

Ukuta wa jikoni umeanguka tena. Basi. Nimeleta gundi ya dukani. Sasa nyumba haitikisiki.

Kiti cha marehemu baba mkwe nimekitengeneza vizuri, hata ule mguu uliofungwa waya nimeuweka. Nilikuwa nakikumbuka vilevile. Halafu nikapanga watu. Mimi, mwenye taji, juu ya kiti hicho. Mama mkwe jikoni, anasugua sufuria. Fundi Saa msalani, uso ukutani. Nikamchorea saa ndogo mkononi asichanganywe na mtu mwingine. Nilicheka mpaka kwikwi.

Kila mmoja nimembandika mahali pake. Juu yao paa, na gundi pande zote. Nani ataona?

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu ametoka kwa dada yake. Anasema paa la Fundi Saa linafunuka kama mfuniko wa sufuria, unaona kila chumba.

Chakula kimenishinda.

Jumapili, 12 Mei

Siku mbaya.

Tuliziweka mezani. Yangu kubwa, imeinama kidogo tu. Mama mkwe akayasifu madirisha, akaninyooshea mkono. Akanishika shavu! Moja, lakini shavu ni shavu. Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu.

Fundi Saa akafunua paa lake. Mama mkwe akaanza kuonyesha kwa kidole: hapa nilimzalia huyu, hapa baba yenu alisinzia na gazeti usoni. Wakalia, wakacheka. Yangu hakuna aliyeitazama tena. Nikasema hata yangu ina vyumba, tena bora. Fundi Saa akaninong'oneza niiache, itaumia. Ameniambia niache! Nikachomeka bisibisi, nikavuta.

Kraa! Paa likatoka na nusu ya ukuta.

Mama mkwe akavaa miwani. Akauliza ni nani huyu mwenye taji kwenye kiti cha marehemu mume wake. Nikaokota vipande vya ukuta. Akauliza ni nani anayesugua sufuria. Akauliza na huyu wa msalani. Nikasema ni mgeni. Akaisogelea ile saa.

Fundi Saa ndiye aliyecheka kwanza. Akasema mgongo umefanana kabisa.

Lakini mama mkwe hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kiti. Akasema waya ndio huo huo, akaomba kiti peke yake, akiweke katika nyumba ya Fundi Saa. Nikakivuta, hakibanduki. Fundi Saa akajaribu kwa koleo lake dogo, kisha akatikisa kichwa: kumtoa mwenye taji ni kuvunja kiti. Mama mkwe akasema basi, akaondoa mkono.

Ndipo mke wangu akanionyesha sebule ya nyumba ya Fundi Saa. Kando ya kijisanamu cha mama mkwe kuna kingine kimeshika kikombe. Akasema ni mimi, shemeji yake kaniweka hapo kwa sababu ndiye ninayemchekesha mama. Nikainama nijitazame vizuri.

Kimewekwa kitambi!

Jumatatu, 13 Mei

Nyumba ya Fundi Saa imepanda kabatini. Yangu ipo chini ya kitanda.

Kutwa nzima dukani nimetafakari kwa unyenyekevu, na kosa langu nimeliona. Gundi ilikuwa dhaifu. Nimebeba ile ya kubandikia mawe.

Mama mkwe sasa anatamani na banda lake la kuku la kule nyumba ya zamani, kasema kwa sauti, na Fundi Saa kaitikia kwa upole. Mimi nimeshaanza. Langu litakuwa kubwa zaidi. Jogoo nimemchorea saa shingoni, amesimama pembeni peke yake, na safari hii paa halitoki.