Nafasi Salama Mkiani mwa Orodha

Jumatatu, 2 Juni 2025

Daftari la zamu za jumuiya limelowa. Paa la Mama Bernadeta huvuja palepale alipoliweka. Yeye ndiye mwenyekiti wetu hapa Mabatini. Kila Jumamosi alfajiri tunasali nyumbani kwa mmoja wetu, na mtu mmoja husoma somo. Mwezi wa nne ilikuwa zamu yangu. Nilisimama. Nikasema "Somo katika", kisha nikanyamaza mpaka Mzee Shigela akanipokonya Biblia kwa huruma.

Haitatokea tena. Nimemtuma mama yangu kwa mwenyekiti: nitapanga zamu kwa kompyuta. Kaka Pius aliniachia yake alipohamia Nansio, na nina siku tisa za Python, lugha ya kuandikia programu, kichwani. Anayepanga zamu hujipangia na yake.

Jumanne, 3 Juni

Leo orodha. Rahisi: mabano ya mraba, majina ndani ya alama za kunukuu, mkato kati yake. Wa kwanza Mama Bernadeta, kwa heshima. Wa pili Getruda. Wa tatu Noela. Mimi nimejiongeza kwa append, amri inayobandika jina mwishoni. Tuko ishirini na wawili, kwa hiyo zamu yangu ni mwezi wa kumi na moja. Nitakuwa chuoni, Mungu akipenda.

Noela amekuja kuchungulia. Anasoma kama mtangazaji wa redio, na anajua. Ameuliza kwa nini awe wa tatu. Nimesema kompyuta haina upendeleo. Nilisema nikitazama viatu vyake.

Jumamosi, 7 Juni

Wiki ya kwanza, nikaiomba Python jina namba moja. Likatoka la Getruda. Python huhesabu kuanzia sifuri. Nililisoma hilo mapema kabisa, nikalipigia na mstari. Mama Bernadeta, aliyekwisha kuvaa miwani, alisema ameongoza jumuiya miaka kumi na mmoja na hajawahi kuwekwa sifuri. Noela alikohoa. Kikohozi cha furaha.

Jumatano, 11 Juni

Nimerekebisha. Programu sasa inatoa moja kwenye namba ya wiki kabla ya kutafuta jina. Moja inakuwa sifuri, Mama Bernadeta anasoma, amani inarudi. Jumamosi tunaanza upya. Kwa tahadhari zaidi, na wiki nazo nimezihesabu kuanzia sifuri. Sifuri haitanichezea mara mbili.

Jumamosi, 14 Juni

Sifuri toa moja ni hasi moja. Kwa Python, hasi moja si kosa. Ni jina la mwisho kwenye orodha.

Kwenye kioo: Specioza. Mimi. Noela alilitangaza kabla sijafunga kompyuta. Nikasema imekosea. Mama Bernadeta akasema, si nilisema mwenyewe haina upendeleo? Nikasimama. Nikasoma mistari mitatu kwa sauti ya mbu. Kabla ya wa nne Mzee Shigela akaitikia "Amina" ili yaishe.

Baadaye Mama Bernadeta akanivuta jikoni. Mwanangu, alisema, kama unaogopa si useme tu. Yeye mwenyewe alipopangiwa mara ya kwanza alijificha zizini mpaka watu wakatawanyika. Jumamosi ijayo paroko atakuwepo. Nikimwambia Mama Bernadeta siwezi, atanitoa kwenye zamu za kusoma, anipe kazi ya kuwasha mshumaa. Neno moja tu, alisema. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa Mama Bernadeta. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nina neno. Nikaomba chumvi.

Njiani nimepata dawa. Kuna amri iitwayo sort: hupanga majina kwa alfabeti. Hakuna atakayesema nimejipendelea, herufi zenyewe ndizo zitaamua. Orodha ni mpya, kwa hiyo wiki nazo zinaanza upya, sifuri. Ile hesabu ya kutoa moja sijaigusa, niliihangaikia sana. Alexander yuko mbele kabisa, maskini, atasoma mbele ya paroko. Specioza yuko mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna wa kumfikia.