Safu Hamsini na Tatu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Parokia inatafuta karani! Karani hupewa chumba chenye mlango, kitasa, na dirisha linalotazama ziwa. Mimi nalala kwenye stoo ya mahindi ya baba mdogo Aidan, pamoja na mahindi. Padre Ignatio atatangaza jina Jumapili, baada ya misa ya mavuno. Tuko wawili, mimi na Hedwiga. Mimi nina kompyuta. Hedwiga ana daftari la kaunta na rula. Namhurumia.

Jaribio letu: kila mmoja aandike kwake vitu vinavyoletwa na jumuiya. Mahindi hasa, maana ndiyo uji wa watoto wa chekechea hadi Desemba. Kila kikija kitu naandika mstari: jumuiya, kitu, idadi. Lakini Padre hataki mistari mia. Anataka kila jumuiya iwe na mstari mmoja, na vitu vikae juu, kila kitu na safu yake. Nimeiagiza kompyuta igeuze. Safu tano: kahawa, kuku, mahindi, maharage, samaki. Nani ataleta kingine?

Jumanne, 9 Julai

Nguruwe! Jumuiya ya Mtakatifu Rita imeleta nguruwe. Mstari wake niliuandika vizuri. Jedwali halina safu ya nguruwe, likamtupa bila kusema neno. Nikabandika mlangoni: Mtakatifu Rita, sifuri.

Mama Restituta, mwenyekiti wao, akaja. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nguruwe amefungwa chini ya dirisha, anapiga kelele. Akauliza, huyo anayelia hapo nje, mwanangu, ndiye sifuri?

Hedwiga alikuwa anapiga mstari kwa rula. Mabega yalimtikisika.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata dawa. Safu sizipangi tena mimi. Kompyuta yenyewe inasoma jina la kila kitu kilicholetwa na kukifungulia safu, kwa alfabeti. Kitu kipya, safu mpya. Hedwiga akauliza, wakileta vitu mia je? Nikamjibu, safu mia. Akasema, haya kaka. Sikuipenda ile haya.

Jioni nikabandika jipya. Safu ya nguruwe: Rita mmoja, wengine wote sifuri. Mzee Bernadi, mwenyekiti wa Mtakatifu Yosefu, alisimama mbele ya karatasi kama aliyesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Akauliza, kweli Rita wana safu yao peke yao? Nikamwambia kweli. Nikamweleza na jinsi inavyopatikana.

Alhamisi, 11 Julai

Siamini. Yosefu wameleta bata, ungo na kafi la mtumbwi. Kafi! Wanaishi mlimani! Kufika mchana Rita wamejibu kwa asali, mafagio, kinu na mzinga. Safu kumi na tisa. Padre yuko Mbinga, hajaona. Vizuri. Atashangaa.

Ijumaa, 12 Julai

Mzee Bernadi kaleta mzinga. Nilipotaka kuujumlisha na ule wa Rita, akakataa. Wa Rita ni mtupu, wa kwake una nyuki. Nikabisha. Akaanza kuzibua anionyeshe. Nikaandika "Mzinga wenye nyuki", safu yake.

Stoo ya parokia imejaa. Vilivyozidi vimeletwa ninapolala.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeteremka Mbamba Bay kuchapisha. Safu hamsini na tatu, karatasi ishirini na mbili, gundi chupa moja. Mwenye duka aliuliza kama ni ramani ya barabara. Hedwiga anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari lake. Amekata tamaa, maskini.

Jumapili, 14 Julai

Jedwali lilianzia kwenye sanamu ya Bikira Maria, likapita kiti cha kitubio, likaishia mlangoni. Vigelegele! Padre akalifuata kwa kidole, polepole. Nilidhani anastaajabu. Kumbe anatafuta mahindi. Akayapata kati ya maharage na majembe. Magunia mawili, yote ya Jumatatu. Tangu Jumatano hakuna aliyeleta hata debe, kwa sababu safu ya mahindi ilishakuwa na wenyewe.

Padre akauliza, Pankras, watoto watakunywa uji wa kafi?

Hedwiga akafungua daftari. Safu sita tu. Ya sita: "Vinginevyo". Jana amekusanya magunia kumi na moja. Hata Mzee Bernadi katoa mawili, kwa aibu. Ufunguo wa chumba akapewa Hedwiga palepale. Vinginevyo! Mtu anafungia nguruwe na nyuki katika safu moja, halafu anapewa dirisha!

Jumatatu, 15 Julai

Naandika kwa jicho moja. Nyuki. Tunalala chumba kimoja.

Padre kanionea huruma, kanipa kazi ndogo: orodha ya wagonjwa wa kupelekewa komunyo nyumbani. Wako wanne. Majina tu, alisema, Pankras, majina tu. Lakini Bibi Rosina ana magoti, mgongo na sikio la kushoto. Jina litasema nini? Kila ugonjwa nimeupa safu yake. Bibi Hildegardi, jirani yake, alikuwa na kikohozi tu. Nilipomwonyesha safu za Rosina akashtuka, akanirudisha kitini, akakumbuka mengine sita.

Kesho nanunua gundi. Chupa mbili.