Masaa Matatu ya Bibi Fruma

Kwa Mheshimiwa Rabi Pinchas Adelstein,
Mkuu wa Shule ya Etz Rimon,
Toronto.

Mheshimiwa Rabi,

YAH: KUIOMBA SHULE IPUNGUZE KUFUNDISHA

Shalom, na baada ya shalom, samahani. Najua Pasaka imekaribia na kila nyumba ya Kiyahudi inasaka makombo ya mkate uliochachuka, ambao sikukuu hiyo inaukataza, hadi ndani ya viatu, wala si wakati wa kumletea mtu barua. Lakini mimi pia nimesakwa, Rabi, tena na mwanafunzi wako.

Mimi ni Gershon Lublinsky, muuza vigae vya bafuni, baba yake Tirtza wa darasa la tatu. Unamfahamu. Ndiye aliyekuuliza mbele ya wageni kwa nini Nuhu hakuwaombea majirani zake.

Siku tulipokuja kuitazama shule, ulisimama jukwaani ukasema, "Hapa kwetu mtoto harudi nyumbani na majibu, anarudi na maswali." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa nilidhani ni maneno ya jukwaani tu. Sasa naomba nirudishiwe makofi yangu. Sababu zangu ni hizi.

1. Mtoto anajifunza. Naliweka hili mbele kwa sababu ndilo shina la mengine yote. Alipokuwa shule ya serikali hapo kona, nilikuwa namuuliza, "Leo mmefundishwa nini?" naye ananijibu, "Hakuna." Tunakula kwa amani. Siku hizi swali linaingia mlangoni kabla yake, viatu bado viko miguuni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema si usumbufu.

2. Somo la kuulinda ulimi. Mmewafundisha watoto kwamba kumsema mtu asiyekuwepo ni dhambi, hata kama unayosema ni ya kweli. Sina ubishi na Torati. Ila nyumbani kwangu, Ijumaa jioni, mishumaa ya Sabato ikishawashwa na supu ikishapakuliwa, mke wangu Nechama alikuwa na kawaida ya kusema, "Umesikia ya Fingerhut?" Fingerhut ni jirani yetu, na Mungu amemjalia mambo mengi. Sasa Nechama akifungua mdomo tu, Tirtza anaweka kijiko chini. "Mama, Bwana Fingerhut yupo hapa?" Hayupo. "Basi tungoje aje." Hivyo ndivyo mimi na mke wangu tulivyogundua, baada ya miaka yote hii ya ndoa, kwamba tukimtoa Fingerhut hatuna mazungumzo. Tunazungumzia hali ya hewa. Nayo hali ya hewa ya Toronto, Rabi, huisha kabla ya supu: ni baridi.

3. Ili nisionekane mtu wa chuki, nilikwenda kwenye kikao cha wazazi kuwasikiliza wenzangu. Bi Yocheved Katzin alisema shule imezidi ukali, mwanawe amekataa kupanda gari la shangazi yake siku ya Sabato, akatembea kwenye theluji huku shangazi anamfuata polepole akimpigia honi. Daktari Ilan Toledano akasema, "Ukali gani, dada yangu? Wanangu wanaimba tu kutwa, ungesema tumewapeleka kwenye harusi." Watoto wa hawa wawili wanakaa dawati moja. Mama mmoja akalalamika kwamba hesabu zimebaki nyuma. Baba aliyekaa nyuma yake akasema hesabu ziko mbele mno, kilichobaki nyuma ni basi la shule. Kisha wote wakala biskuti na kuulizana kama kuna nafasi ya mtoto mwingine mwakani. Nilitoka nikiwa na hakika kwamba hii ndiyo shule bora kuliko zote mjini, na kwamba ingefaa ifungwe kabla ya Ijumaa.

4. Sasa lililonileta. Haya mengine nilikuwa nakohoa tu.

Mama yangu mzazi ni Bibi Fruma Lublinsky, wa ukoo wa watu wa Frankfurt. Unajua, Rabi, kuliko ninavyojua mimi, kwamba baada ya kula nyama sisi hatugusi maziwa mpaka muda upite, na kwamba kila watu wana muda wao waliourithi. Nyinyi mnafundisha masaa sita. Watu wa mama yangu husubiri matatu. Walisubiri matatu kule Frankfurt, wakasubiri matatu melini, na tangu baba yangu alipofariki mwaka jana mama yangu anasubiri matatu peke yake, kwenye nyumba yenye viti sita.

Sabato iliyopita alikuja kwetu kula. Mchana tulikula nyama na maharage yaliyolala motoni tangu Ijumaa, chakula kinachomfanya mtu mzima asahau jina lake. Muda wake ulipotimia, mama akaitoa keki ya jibini, aliyoioka mwenyewe na kutuletea tangu Alhamisi. Walikuwepo marafiki zake wa sinagogi, akiwemo Bi Trudel, ambaye hajapata jambo la kumfurahisha tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga.

Tirtza akasimama kama askari wa barabarani. "Bibi, acha! Bado masaa matatu mengine!"

"Nani kasema?"

"Mwalimu Elisheva. Nyama inabaki kwenye meno, Bibi."

"Meno yangu mimi nimeyatoa, nimeyaosha, nimeyarudisha. Hiyo nyama imebaki wapi, mjukuu wangu? Mfukoni?"

Bi Trudel akacheka ndani ya kikombe chake. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mama yangu anaweza kumsamehe mtoto, lakini kicheko cha Trudel hasamehi.

"Huyo mwalimu wako," akasema huku akivaa koti, "mwambie watu wetu walikuwa wanasubiri masaa matatu kabla babu yake hajaota jino la kubakiza nyama." Kisha akanigeukia mimi, ambaye sikuwa nimesema neno. "Nawe, Gershon, umekaa hapo kama kigae! Pasaka hii msinitandikie meza. Nitakula kuku wangu nyumbani kwangu, na masaa yangu matatu."

Akaondoka. Keki akaiacha. Hakuna aliyethubutu kuigusa, si kwa saa ya Bibi wala kwa saa ya mwalimu.

Nimempigia simu. Anasema yuko mzima, kisha anakata. Nechama amempelekea supu. Sufuria limerudi limeoshwa, bila salamu. Na Tirtza, Rabi, tangu siku ile anajifungia chumbani kufanya mazoezi ya yale maswali manne ambayo mtoto mdogo kuliko wote huyaimba mezani usiku wa Pasaka. Mwaka huu ni zamu yake ya kwanza kuimba bila kusaidiwa. Juzi alinijia akauliza kama anaweza kumwimbia Bibi kwa simu. Kabla sijajibu, akajijibu mwenyewe kwamba sikukuu hairuhusu simu. Hata hilo mmemfundisha nyinyi.

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, shule iajiri mwalimu wa kusahaulisha, awe na kipindi kimoja kila Ijumaa mchana, kabla watoto hawajapanda basi. Kama bajeti haimruhusu, basi mtoto aache elimu yake kwenye kabati pamoja na raba za michezo, aichukue Jumatatu. Kama na hilo ni gumu, uandike kwa mkono wako kwamba meno ya mama yangu ni safi kwa sheria zote, nami nitalitundika tamko hilo juu ya meza, mahali ambapo Bi Trudel ataliona. Na kama hata hilo halifai, wewe mwenyewe uje usiku wa Pasaka ukae kwenye kiti cha mama yangu, ule anachokula, umsikilize mjukuu wake akiimba, ulie pale ambapo yeye angelia. Kiti ni kizima. Mguu mmoja tu unacheza.

Nisipojibiwa, baada ya sikukuu Tirtza atarudi shule ya serikali hapo kona, ambako hakuna anayejua mtu anasubiri nini, isipokuwa basi.

Nisalimie Mwalimu Elisheva, ambaye sina kinyongo naye ila kwa sababu zilizotajwa. Msalimie mpishi, mlinzi wa getini anayeniita "Baba Nuhu" kila nikipita, yule mama wa ofisini mwenye kikohozi, na wazazi wote, wa masaa sita na wa masaa mengine. Mke wangu anakusalimu, na angekwambia jambo moja kuhusu jirani yetu kama angeruhusiwa.

Ndimi, kwa heshima yote niliyobakiwa nayo,

Gershon Lublinsky

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Tirtza aliporudi kutoka shule. Kumbe leo alinyoosha mkono darasani akauliza: kama Bibi anasubiri matatu na kitabu kinasema sita, nani anakosea? Mwalimu Elisheva akamwambia hakosei mtu. Desturi ya nyumba ya Bibi ni kubwa kwa umri kuliko shule yetu, na ni haramu kuidharau. Kisha akawaambia watoto kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa watu wake ni wa Amsterdam, husubiri lisaa limoja tu.

Tirtza hakuingia hata ndani. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa mama yangu, akasema, "Bibi, nilikukosea mbele ya Bi Trudel. Nimekuja kuuliza sisi ni watu wa masaa mangapi." Mama akauliza huyo mwalimu anasubiri muda gani. Alipoambiwa, akashika kifua: "Lisaa limoja! Hao wa Amsterdam ni wahuni!" Sijamwona na furaha kama ile tangu baba afariki. Jumanne anakuja kulifundisha darasa la tatu. Anaomba kiti chenye mgongo, na wanafunzi wasiombishia.

Pasaka anakuja. Kwa hiyo namba 5 uifute yote, na makofi yangu bakini nayo. Wazazi wa masaa sita wakianza kukuandikia baada ya Jumanne, mimi hunijui.

Hata lile somo la ulimi la namba 2, endeleeni nalo. Mama yangu hakusoma kwenu, na tulipokuwa tunaaga alinivuta sikio akaninong'oneza, "Umesikia ya Fingerhut?"