Babu Songoro na Minyoo ya Tumbo

Mwaka ule wa vikwazo, petroli ilipopimwa kwa chupa za limonadi na kuuzwa kwa kunong'onezana, Amissi alikwenda matangani mtaa wa Buyenzi kula wali wa watu. Hakumjua marehemu, wala marehemu hakumjua yeye, lakini pilau ni pilau. Hapo akasikia wazee wawili wakigombana bila haya mbele ya msiba. Mzee Aboubacar, muuza vipuri, alidai babu yake Songoro ndiye wa kwanza kufika mji huu kutoka Ujiji. Mzee Chabani, mwenye duka la sukari, alidai babu yake alimpita huyo Songoro njiani, amekaa chini anang'oa mwiba mguuni.

Amissi akaacha kutafuna. Miezi sita alikuwa akilala ndani ya Peugeot isiyo na magurudumu katika gereji moja, na sasa mwenye gari amepata mnunuzi. Ijumaa ahame. Na hapa alikuwepo mzee tajiri anayetaka kitu kisichopatikana dukani.

Kesho yake akaazima koti, akamwendea Aboubacar, akajitambulisha kuwa mwandishi wa historia. Alimweleza kwa upole kwamba babu asiyeandikwa, Chabani yeyote anaweza kumkana. Babu aliye kitabuni hakanwi. Mzee akauliza malipo. Amissi aliona soni kutaja faranga mbele ya elimu, akasema pipa moja la petroli lingetosha. Pipa moja, wakati ule, lilimpa mtu nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Nyakabiga, na mlango wake.

Shida ilikuwa karatasi. Lakini Télesphore, mpiga chapa wa Nyakabiga, alikuwa na vitabu arobaini juu ya kuhara na minyoo ya tumbo, vya mradi mmoja wa afya ambao wenyewe walipanda ndege risasi zilipokaribia, wasirudi kuvichukua. Wakang'oa majalada, wakabandika jalada la kijani lenye jina la Wazee Waanzilishi, na mbele wakatia kurasa nane: Songoro na simba, Songoro na Mjerumani, Songoro akigawa tende. Kuanzia ukurasa wa tisa, minyoo. Télesphore akaingiwa na wasiwasi. Amissi akamtuliza kwamba mtu hasomi kupita pale babu yake anapoishia, na katika hili, wallahi, hakukosea sana.

Alhamisi mikeka ikatandikwa uani kwa Aboubacar, ubani ukafukizwa, Fatiha ikasomwa. Pipa lilikuwa pembeni, limefunikwa kitenge. Chabani naye alikuja, ili akasirikie karibu. Aboubacar alisoma Kurani tangu utotoni, ila herufi za Wazungu hazikuwahi kumwingia. Akampa kitabu mjukuu wake Fadhila, mkunga wa zahanati ya mtaa, awasomee wote. Na kwa wazee wa ua ule, kilichosomwa baada ya Fatiha kimeshakuwa kiapo. Anayekikana anajitafutia balaa.

Fadhila akasoma vizuri. Simba akafa, Mjerumani akaaibika, tende zikagawiwa. Akafika ukurasa wa tisa, akakuta minyoo. Vitabu hivi alivitafuta mwaka mzima. Zahanati yake ilijaa watoto wa wakimbizi wanaohara, haina hata sukari ya kuwakorogea maji na chumvi. Akamtazama Amissi. Amissi akatazama bati.

Fadhila akaendelea kwa sauti ileile, macho kitabuni.

“Na mimi Amissi, mwandishi wa kitabu hiki, sitaki malipo. Pipa nililopewa nalitoa sadaka kwa zahanati, jenereta iwake, wanawake wasizae gizani.”

Mzee mmoja akafuta machozi. Amissi alijua hayo hayakuandikwa popote; mahali pale palikuwa na mchoro wa mnyoo wa safura, na meno yake. Angeweza kusema hivyo. Lakini angesema, kitabu kingezungushwa mkono kwa mkono, na Aboubacar angejionea babu yake kalazwa na nani.

“We Amissi,” Aboubacar akauliza, “hii ni we uliandika?”

“Ni mi, mzee,” Amissi akajibu, na machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa.

Fadhila akafunua ukurasa. Kumbe mwandishi alikuwa ametoa pia vitabu vyote arobaini, na ameapa kulisukuma pipa lile kwa mikono yake hadi zahanati. Akalisukuma. Jua lilikuwa kali, wazee nyuma wanamwombea dua, na yeye anaisikia nyumba yake ya Nyakabiga inachezacheza ndani ya pipa. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Mlangoni pa zahanati Chabani akamvuta mkono, wivu umemjaa. Akasema na yeye anataka kitabu, babu yake awe wa kwanza, na malipo si tabu, stoo imejaa sukari. Damu ikamrudia Amissi usoni. Sukari siku zile ilikuwa dhahabu ya kulamba. Akafungua kinywa ataje magunia, lakini mzee alikuwa hajamaliza.

“Na siku ya kukisoma,” Chabani akasema, “mi sitaki mutu mwengine. Asome huyu Fadhila.”

“Nitasoma, baba,” Fadhila akaitika kutoka ndani, akijifuta mikono. “Kaka Amissi yeye aandike tu.”