Stelingi Hakusema Hivyo

Jana televisheni ilionyesha filamu ya Ndugu wa Darajani, na safari hii wenye televisheni waliweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Habari hiyo ndiyo iliyotuharibia asubuhi.

Sisi wa benchi la kinyozi filamu hiyo tunaijua kuliko tunavyojua siku za kuzaliwa za watoto wetu. Tuliiona ujanani kwenye banda la video, mkanda umechoka mpaka mistari inanyesha kwenye picha hata mahali pa jua kali. Lugha yake hakuna aliyeijua. Aliyetusemea alikuwa Sauti, huyu huyu anayekaa leo mwisho wa benchi amekunja nne kama waziri. Enzi hizo alisimama kando ya skrini na kipaza sauti, akitutafsiria kila kitu, mpaka kilio cha mtoto. Mimi nashona viatu ubavuni pa kinyozi, kwa hiyo upuuzi wote naupata bila kiingilio.

"Wameichafua filamu yetu," Sauti alianza, hata salamu hakutoa. "Maandishi ya ovyo ovyo. Nimezima katikati."

"Ndiyo shida ya filamu za siku hizi," akasema Wembe, kinyozi wetu, huku akimpaka mteja povu. "Hazina adabu."

"Wembe, ni ile ile ya zamani!" nikamwambia.

"Basi wameitengeneza upya."

"Haijatengenezwa upya! Yule anayekufa sokoni ndiye anayekufa tena mtoni, halafu kwenye harusi yuko hai anapiga ngoma."

"Huyo wa harusini ni pacha wake."

"Pacha! Na wote wana pengo la jino lile lile?"

"Mama yao mmoja. Ulitaka wafanane nini, viatu?"

"Na farasi je? Aliingia pangoni mweupe, akatoka mweusi."

"Hofu hiyo," akasema Wembe bila hata kupepesa. "Binadamu akiogopa hupata mvi. Farasi ni kinyume chake. Soma, wewe, usishone tu."

Nikarudi kwenye sindano yangu. Kubishana na kinyozi ni kazi ya mwenye nywele nyingi, na mimi zangu zilishaniaga.

Mteja aliyekuwa na povu ni Sofa, mtengeneza makochi, mtu pekee ninayemjua anayefuata filamu kama sheria. Mchana wa leo binti wa mdogo wake anaposwa. Sofa ndiye mkubwa wa familia, na alitakiwa aketi mbele awapokee wageni. Ameshapelekewa mwaliko zaidi ya mara moja, naye amekataa kila mara. Yeye na mdogo wake hawajasalimiana tangu wagombane kwenye karakana waliyofanya kazi pamoja, na tangu hapo wamezaliwa watoto na wamezikwa wazee.

"Sasa huendi, unanyolewa ya nini?" Wembe akamuuliza.

"Nanyolewa nikakae kwangu nikiwa safi."

"Mtoto wa watu ana kosa gani?" akauliza Shangazi, anayetuuzia kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna anayethubutu kumwita vingine.

"Mtoto hana kosa. Mwenye kosa ni baba yake. Alimwambia mteja wangu, mbele yangu, kwamba makochi nimeyajaza sponji kuukuu."

"Na ilikuwa kuukuu?"

"Shangazi, hilo si suala!"

"Nauliza tu, baba."

"Ilikuwa imetumika. Kuukuu ni maneno ya adui." Sofa akatoa mkono chini ya shuka la kinyozi, akanyoosha kidole juu. "Mnakumbuka mwisho wa Ndugu wa Darajani? Mdogo amepiga magoti, mvua inanyesha, analia. Stelingi, kaka mtu, anamtazama, anasema maneno yake, anampa mgongo, anaondoka. Mkanda unakwisha. Alisemaje?"

Benchi zima likaitikia, kwa lafudhi ile ile ya banda: "Ndugu aliyekugeuka mchana, usimfungulie mlango usiku!"

Hata mimi nilisema. Mdomo ulinitangulia. Sauti akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea tuzo.

Shangazi akacheka mpaka akaweka birika chini.

"Hakusema hivyo."

"Nani?"

"Huyo stelingi wenu. Mimi sikuzima katikati, nimetazama mpaka jina la mpishi wao limepita. Anamtazama mdogo wake, anamwambia, 'Inuka, twende nyumbani, mama anangoja.' Ndiyo anageuka. Yule mdogo anajipangusa magoti, anamfuata. Wanakwenda pamoja."

"Anamfuata?" Wembe akasimamisha wembe hewani.

"Anamfuata. Nyie mkanda wenu ulikatikia mgongoni."

"Mwisho gani huo!" nikasema. "Vita vyote vile, maghala yameungua, farasi kabadilika rangi, halafu wanakwenda kula?"

"Mwisho wa kina mama," akadakia Wembe. "Stelingi mzima anatumwa na mama yake!"

Sofa hakucheka. Povu lilikuwa limeanza kumkaukia, shavu moja limenyolewa, la pili bado. Akageuza shingo polepole kumtazama Sauti.

"Sauti, lugha ile uliijua, au hukuijua?"

"Sanaa ni pana, Sofa."

"Nimekuuliza lugha."

"Nilijua maneno mawili matatu. 'Ndiyo.' 'Kimbia.'" Akakohoa. "Mengine nilikuwa nasoma usoni."

"Na lile la mlango ulilisoma uso wa nani?"

Sauti akakunjua ile nne, akaikunja upande mwingine. "Mngekuwa mimi mngefanyaje? Mvua inanyesha, watu wawili wanatazamana, kimya. Mkikaa kimya kidogo mlikuwa mnarusha makopo. Nikakumbuka neno nililoliona asubuhi ile."

"Uliliona wapi?"

"Nyuma ya lori."

"Lori?"

"Lori la mchanga. Lilikuwa limeandikwa vizuri tu, kwa rangi nyekundu."

Mungu wangu! Nimewahi kuona watu wakidanganywa na wanasiasa, na waganga, na wake zao. Kudanganywa na lori la mchanga ndiyo mara ya kwanza. Tena si mmoja, ni mtaa mzima, na kuna watu walishaachana kwa neno lile.

Kabla Sofa hajafungua kinywa, akatokea binti mwenyewe, yule anayeposwa, amejifunga khanga juu ya nguo mpya ili isishike vumbi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Wageni wamefika?"

"Wako njiani. Baba amenituma nikwambie usijisumbue tena. Mjomba ndiye atakayekaa mahali pako."

Wembe akajifanya anatafuta kitana.

"Amesema hivyo tu?" Sofa akauliza.

Binti akatazama chini. "Baba mkubwa, mengine si ya kusema mbele za watu."

"Sema. Hawa si watu, ni benchi."

"Amesema ameita vya kutosha. Amesema, ndugu aliyekugeuka mchana, usimfungulie mlango usiku."

Tukageuka wote kumtazama Sauti. Naye akawa anatazama barabarani, kwa hamu kubwa, kana kwamba kuna lori.

"Mimi?" Sofa akasema. "Mimi nilimgeuka lini?"

"Ulipomtolea cherehani yake nje, watu wanaona."

"Ilikuwa mchana," akasema Wembe kwa sauti ya chini. "Nilikuwepo."

Sofa akaanza kusema, lakini hakuwa anasema nasi.

"Banda lile tuliingia pamoja. Alikuwa mfupi, haoni mbele. Mimi ndiye niliyempakata ili aone huo mwisho."

Akasimama, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina ndevu na povu kavu.

"Sauti, inuka."

"Niende wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Lile neno ulilolitoa kwenye lori utakwenda kumwambia mwenyewe ulikolitoa. Nikimwambia mimi ataona nimebuni."

"Mbele ya wakwe?"

"Mbele ya wakwe."

"Sofa, mimi ni msanii! Nina heshima yangu mtaani!"

"Heshima ya tairi hiyo. Inuka!"

"Ngoja basi nimalizie shavu," Wembe akasihi.

"Hakuna kungoja. Wakishakaa wageni na mjomba amekaa, imekwisha."

Akamkamata Sauti mkono wa shati, wakaondoka, binti akitangulia kwa mwendo wa mtu asiyewafahamu hao walio nyuma yake. Sauti alikuwa akilalamika kwamba tafsiri ni kazi ngumu na haina shukrani.

"Sauti!" Shangazi akamwita.

Akageuka, akidhani ameitwa aokolewe.

"Ukifika huko, usiongeze hata neno moja."