Chumba Kinachotazama Bustani

Jumatatu, 3 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mawazo yangu makubwa yote huja nikiwa na povu mdomoni, ndiyo maana hakuna anayenielewa nikiyatangaza. Wiki hii bustani ya mimea ya jiji ina maonyesho ya maua ya okidi. Wageni watafurika. Watalala wapi? Kwa Bi Mashuka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mwenye nyumba ya wageni na mashuka meupe anayoyaanika mbele makusudi ili tuyaone. Na sisi ndio tunaopakana na bustani! Ukuta kwa ukuta!

Na chumba tunacho. Cha binti yetu. Aliolewa mbali, na tangu aondoke mlango umefungwa. Mke wangu huingia, hufuta vumbi, hutoka, hufunga. Tunakula kimya. Kijiko kikigonga sahani nashtuka. Kusema kweli sitaki biashara, nataka mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi. Lakini hilo siwezi kumwambia mke wangu. Nimemwambia nataka kupaka chumba rangi kwa sababu ya unyevu. Akauliza unyevu gani. Nikaondoka haraka.

Jumanne, 4 Machi

Bango tayari! Mimi ni mchora mabango mstaafu. Hata vibao vya bustani ni kazi ya mkono wangu, na ile rangi ya kijani ilibaki stoo. Nimeandika: MALAZI. CHUMBA KINATAZAMA BUSTANI. Na mshale. Nimelipigilia langoni mwa bustani, chini ya kibao chake, mchana kweupe, nikiwa na ovaroli yangu ya zamani. Mlinzi akanishikia ngazi! Akasema afadhali uongozi umeamka. Sikumkatalia.

Kuhusu hilo la kutazama bustani: dirisha linatazama kona ambako watunza bustani hurundika majani makavu na samadi. Bado ni bustani.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Bango limefanana mno na vibao vya bustani. Watu wameufuata mshale wakidhani nyumba yetu ni sehemu ya maonyesho. Hakuna aliyeulizia kitanda. Wote wameulizia choo. Familia nzima ilitandika mkeka uani, ikala, ikalala. Bwana mmoja mwenye miwani amezipiga picha bukta zangu kambani, au labda kilichokuwa nyuma yake, sikuuliza.

Kisha kijana mmoja akaulizia mmea ulio kwenye kopo la rangi karibu na karo la kuoshea vyombo. Mke wangu akajibu. Akaendelea kujibu. Akaeleza unavyochukia jua la mchana, alivyouotesha kutoka kijitawi kilichovunjika, na kwa nini haupendi kumwagiwa maji juu ya majani. Nikajibanza nyuma ya pazia. Sijasikia maneno mengi hivyo kinywani mwake tangu harusi ya binti. Nimeona wivu. Mimi naishi naye nyumba moja na sijapata hata robo yake.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Mashuka amekuja, mikono kiunoni. Eti wageni wake wanapotelea kwangu. Nikamwambia soko ni huria. Akasema bango ameliona. "Ila shemeji, herufi zako siku hizi zinaenda mrama." Haziendi mrama! Chakula cha mchana kimenishinda.

Jioni, mgeni! Mwalimu mstaafu, mama mtu mzima, mkoba mmoja, viatu vya kutembelea. Furaha yangu ikakatika aliposema ameelekezwa na Bi Mashuka, kwake pamejaa. Yaani napokea mabaki yake! Na ndipo mke wangu alipojua kwamba chumba kinakodishwa. Akanitazama. Nikatazama dari. Mwalimu akahisi mambo si shwari, akasema atajikalia barazani kwenye kiti mpaka kupambazuke. Amekuja tu kuuona mti uliopandwa na marehemu mumewe, aliyekuwa akifanya kazi bustanini, na hana makuu. Mke wangu akasema hakuna mgeni atakayelala kitini nyumbani kwake. Akaenda kuchukua ufunguo. Nilitaka kumwomba radhi. Nikauliza kama kuna chai.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu amefungua dirisha. Samadi! Nikakimbilia kueleza habari za upepo. Akasema harufu ya udongo haijawahi kumuua mtu. Kisha akatoka na mke wangu kwenda bustanini. Mke wangu! Bustani iko nyuma ya nyumba na hajaikanyaga tangu binti aondoke. Nikawafuata kwa mbali, kwa sababu za kibiashara.

Wakakaa chini ya mti wa marehemu. Nikajificha nyuma ya ua wa michongoma. Mwalimu akamuuliza, "Mdogo wangu, kile chumba cha nani?" Mke wangu akamwambia yote. Akasema hagusi kitu humo kwa kuogopa kwamba mtoto akirudi atakuta hana pake. "Na mzee wangu hasemi kitu, dada. Sijui kama hata anamkumbuka."

Kumbe! Mimi nilidhani amenikasirikia. Mimi ambaye kila nikipita ule mlango hupunguza mwendo! Machozi yakanitoka. Bahati nzuri mipira ya kunyunyizia maji ikafunguliwa, nikalowa chapachapa, isingejulikana machozi ni yapi. Mtunza bustani akanitoa kwenye michongoma, akauliza, mzee, umepotea? Nikamwambia nakagua vibao.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu ameondoka. Amemkumbatia mke wangu kwa muda mrefu. Mimi kanipa mkono.

Baadaye mke wangu amezihamishia nguo za binti kwenye kabati moja, mwenyewe, akaacha mlango wazi. Amesema wageni wanakaribishwa, mmoja mmoja, na atawachagua yeye. Bango nikaling'oe. Kisha akasema, "Mzee wangu, si ungeniambia tu? Kwa nini kila kitu mpaka uanze na mshale?" Nimeguswa sana. Nimeapa: hila basi! Kuanzia leo nitasema kilicho moyoni, kwa ufupi na waziwazi.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amenialika tutembee bustanini. Tumekaa kwenye benchi mbele ya okidi. Akaniuliza, taratibu, kama namkumbuka mtoto. Nikamjibu kwamba lile benchi linahitaji rangi. Nilitamani kujizaba kofi.

Lakini nimepata ufumbuzi! Tuliporudi nimechukua simu nimwandikie binti. Nilianza kwa kusema tumekukumbuka, nyumba imepwaya. Nikafuta. Maneno ya namna hiyo hayampandishi mtu kwenye basi. Nikaandika: "Mama yako amekodisha chumba chako. Njoo haraka uokoe vitu vyako. Usimwambie kama nimekwambia." Kazi safi! Wiki ijayo tutakuwa naye hapa, na mama yake atafurahi bila hata kujua amshukuru nani.

Simu inalia jikoni. Si yangu. Ni ya mke wangu. Namsikia akipokea: "Mwanangu!"